Breki Inayong'ang'ania: Namna ya Kuitambua na Kuitengeneza Kabla ya Kushuka Kanaba



Katika mikutano ya hadhara ambayo Polisi hufanya na wakazi, lalamiko moja halikosi kuzuka. Wananchi husema kwamba askari wa usalama barabarani husimamisha gari, hulizunguka polepole, huinama kwenye magurudumu, hupeleka kiganja karibu na rimu, kisha humwambia dereva asiendelee na safari. Hakuna taa iliyovunjika, hakuna tairi lililokwisha, na gari linasimama vizuri likikanyagwa breki. Wengi huhitimisha kwamba ni njia nyingine ya kutafuta kitu kidogo.

Lalamiko hilo linastahili jibu, na jibu lililo bora ni elimu. Dereva, kondakta au abiria anayejua askari anatafuta nini kwenye gurudumu hawezi kutishwa kwa kosa lisilokuwapo, wala hatalidharau kosa lililopo. Zaidi ya hayo, hatauziwa na fundi kipuri asichokihitaji.

Kinachotafutwa pale ni joto. Breki ina kazi mbili, nayo ya pili husahaulika: kushika inapoamriwa, na kuachia amri inapokoma. Breki isiyoshika humtisha kila mtu. Breki isiyoachia haimtishi mtu kwa sababu gari bado linasimama, hata wapo madereva wanaojisifu kuwa breki zao "ni kali". Mimi naiona hiyo ya pili kuwa ya hatari zaidi katika milima yetu, kwa kuwa huficha ubaya wake hadi mahali ambapo hakuna nafasi ya kurekebisha.

Joto linatoka wapi

Gari linaposhuka mlima, uzito wake hugeuka kuwa mwendo, na mwendo ule ukizuiwa na breki hugeuka kuwa joto. Tuchukue gari dogo lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria. Likishuka kimo cha mita 400 huku breki peke yake zikilizuia, joto linalozaliwa lingetosha kuchemsha karibu jerikeni nzima ya maji ya lita 20. Breki nzima hulimeza joto hilo na kulitoa kwenye upepo kadiri gari linavyokwenda. Lakini breki iliyong'ang'ania huanza mteremko ikiwa tayari imeungua, maana imekuwa ikisugua tangu kwenye tambarare, hata pale dereva alipokuwa akipanda kutoka upande wa Kabale na mguu wake uko mbali na pedali.

Hapo ndipo mafuta ya breki huingia katika habari hii. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ya DOT 4, chini ya nyuzi 230. Ila mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishaunyonya, kipimo kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Katika eneo la ukungu na mvua kama letu, mafuta ambayo hayajabadilishwa kwa miaka mingi yachukuliwe kuwa yamekwisha kunyonya. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, nao mvuke hubanwa kama mpira wa kuchezea. Dereva hukanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni, na gari halijui kama limekanyagwa. Breki iliyokuwa "kali" saa moja iliyopita sasa haipo.

Kuna hatari ya pili ambayo sisi wa mpakani tuna sababu ya pekee ya kuifahamu. Gurudumu la mbele likishikwa upande mmoja, gari huvutwa kuelekea upande huo. Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda na Kongo wanaendesha kulia. Breki ya mbele kulia ikinata, dereva aliye upande wetu huvutwa kuelekea magari yanayokuja. Akivuka Bunagana au Cyanika na kubadili upande wa barabara, breki ile ile itamvuta ukingoni, kwenye watembea kwa miguu. Na yule ambaye kushoto kwake kunanata ndiye sasa atakayevutwa mbele ya lori. Ugonjwa ule ule hubadilisha mtu wa kuumia kwa kuvuka mpaka tu.

Dalili

Dalili ya kwanza huonekana kabla ya kuondoka. Mahali penye mwinamo mdogo, toa gia, achia breki zote, uwe tayari kukanyaga tena. Gari likisita pale linapopaswa kujiviringisha, kuna kitu kinalishika. Barabarani, gari huwa zito, hula petroli kuliko kawaida, na dereva akiondoa mguu kwenye mafuta hupungua mwendo kana kwamba limepita kwenye matope. Huja harufu ya kuungua inayofanana na ya klachi. Wengine hukaa wiki nzima wakilaumu klachi bure. Rimu moja huwa nyeusi kwa vumbi la pedi kuliko nyingine. Usukani huvuta upande mmoja bila breki kukanyagwa. Diski ikishapinda kwa joto, usukani au pedali hutetemeka wakati wa kusimama.

Moshi ni dalili ya mwisho. Anayesubiri moshi amechelewa.

Kipimo cha hakika ni hiki. Endesha kilomita kama kumi kwenye barabara isiyo na miteremko mirefu, ukitumia breki kwa uchache. Simama taratibu kwa kupunguza gia. Shuka, kisha peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Usilinganishe magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi na ni kawaida yawe na joto zaidi. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli ile ile. Yakitofautiana waziwazi, umempata mgonjwa. Asiyeuamini mkono wake aweke tone la maji kwenye rimu, si kwenye diski: likichemka upande mmoja na kutulia upande wa pili, hakuna ubishi tena.

Hiki ndicho afanyacho askari kizuizini, na wewe una haki ya kushuka na kukifanya pamoja naye. Mwombe akuonyeshe gurudumu analolilalamikia, peleka mkono wako, kisha nenda upande wa pili ukalinganishe. Askari mkweli hatakataa. Na kama kosa lipo, faini halali hailipwi mkononi mwa askari. Hulipwa kupitia benki kwa hati aliyokuandikia. Anayetaka fedha mkononi, chukua namba yake ya kazi umripoti kwa mkuu wa kituo.

Niliwahi kushuhudia teksi moja iliyosimamishwa ikiwa na abiria tisa na magunia mawili ya viazi juu. Dereva alisema pedi ni mpya, "zinajizoea". Ni kweli kwamba pedi mpya hutoa harufu kwa safari za mwanzo. Lakini pedi zote mbili za mbele zilikuwa mpya, na gurudumu la kushoto pekee ndilo lililounguza hewa. Abiria mmoja mzee aliyekuwa ameketi nyuma ndiye aliyemaliza mjadala: alisema tangu Muko amekuwa akisikia harufu na kuambiwa afunge dirisha.

Kutafuta mahali penye ugonjwa

Kwanza usalama wa anayetengeneza. Egesha mahali tambarare na pagumu. Zuia magurudumu ambayo hutayainua kwa vigingi mbele na nyuma. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, kisha inua kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu; si ya kumlinda mtu aliye chini ya gari. Tofali halifai kuwa stendi, kwa kuwa hupasuka bila kutoa onyo. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana pedi na viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Toa gia, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Diski kusuguliwa kidogo, kwa sauti nyembamba, ni kawaida. Gurudumu lisilozunguka, au linalohitaji mikono miwili, ni gonjwa. Kama linazunguka vizuri, mwambie mwenzako akanyage pedali kwa nguvu mara tatu kisha aachie, ujaribu tena. Breki nyingi hunata baada ya kukanyagwa tu.

Sasa tumefika kwenye swali linaloamua kila kitu: je, kalipa inashika kwa sababu mafuta bado yanaisukuma, au kwa sababu yenyewe imekwama? Mafundi wasiouliza swali hili hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa fedha za mteja. Kulijibu kunahitaji spana moja na dakika mbili. Gurudumu likiwa limeshikwa, weka bomba dogo la plastiki kwenye skrubu ya kutolea hewa iliyo nyuma ya kalipa, tumbukiza ncha ya pili kwenye chupa, kisha legeza skrubu kwa nusu mzunguko.

Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, kalipa haina kosa kubwa. Shinikizo limefungiwa, na aliyelifungia yuko juu yake. Mafuta yakitoka bila nguvu na gurudumu likabaki limeshikwa, kosa ni la chuma: pini, pistoni, pedi au kebo. Kabla ya kufunga chupa zako, kaza skrubu ile, na usiyarudishe mafuta yaliyotoka.

Tukifuata njia ya kwanza, ya shinikizo lililofungiwa, tazama ni magurudumu mangapi yanayonata. Likiwa moja tu, mshukiwa ni hozi, ule mpira unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Hozi iliyozeeka huvimba kwa ndani na kuwa mlango wa upande mmoja: mguu una nguvu ya kuyapitisha mafuta kwenda, lakini hakuna nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje huweza kuonekana nzima kabisa. Ili kuhakikisha, kanyaga breki hadi gurudumu lishikwe, kisha legeza kiungio cha bomba la chuma kabla ya hozi. Gurudumu likibaki limeshikwa, hozi imeziba. Ibadilishe, pamoja na mwenzake wa upande wa pili, kwa kuwa zilizaliwa siku moja.

Yakiwa magurudumu yote mawili ya mbele, au yote manne, usipoteze muda kwenye magurudumu. Nenda kwenye pedali. Pedali yenye afya huwa na mchezo mdogo juu kabisa kabla ya kuanza kusukuma. Mchezo huo ukikosekana, silinda kuu hairudi hadi mwisho, na kile kitundu chake kidogo kinachoruhusu mafuta kurudi tangini hubaki kimefunikwa. Pengine swichi ya taa za breki imefungwa karibu mno na inaisukuma pedali, au zulia la sakafuni limejikunja chini yake. Pengine busta ilibadilishwa na kijiti chake ni kirefu kupita kiasi. Legeza nati zinazofunga silinda kuu kwenye busta kwa milimita chache: magurudumu yakiachia, kosa liko kwenye kijiti au pedali, yasipoachia, silinda kuu yenyewe inashukiwa.

Ipo sababu nyingine ya magurudumu yote kunata, nayo ni ya kujitakia. Mtu amekuta tangi la breki limepungua, akaongeza mafuta ya injini, ya gia au ya usukani kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa dukani. Mafuta hayo ya petroli huvimbisha sili zote za mpira. Fungua tangi utazame mfuniko: mpira wake ukiwa umevimba na kujikunja hadi haukai mahali pake, gari hilo lisiendeshwe hata hatua moja. Kumwaga mafuta na kuweka mapya hakutoshi. Kila mpira uliogusana nayo, kuanzia silinda kuu hadi kalipa ya mwisho, lazima utolewe na mabomba yasafishwe. Ni ghali, na hakuna njia ya mkato.

Kalipa yenyewe

Magari mengi ya abiria tunayoyatumia huku yana kalipa inayoteleza juu ya pini mbili. Pistoni iko upande mmoja tu; huisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima hujivuta na kuileta pedi ya nje. Pini zikikauka au zikipata kutu, kalipa haiwezi kujirudisha, na pedi moja hubaki ikisugua. Kwa hiyo toa pedi zote mbili uziweke pamoja mezani. Moja ikiwa imeliwa hadi chumani na mwenzake bado nene, au moja ikiwa imeliwa kwa mshazari, anza na pini. Zote zikiwa zimeliwa sawasawa na upande wa pili wa gari ni nzima, itazame pistoni.

Pini hutolewa, husafishwa kwa kitambaa na msasa laini, na mashimo yake husafishwa pia. Iliyochimbika kwa kutu itupwe. Kagua mpira wa kukinga vumbi: ukiwa umechanika, maji yatarudi mwezi ujao na kazi yako itakuwa bure. Paka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi isitumike, kwa sababu ile ile ya mafuta ya injini: huvimbisha mpira, na pini iliyokuwa imekauka itabanwa upya. Sugua kwa brashi ya waya pale masikio ya pedi yanapokaa. Nimeona fundi akibadilisha kalipa nzima ilhali pedi ilikwamishwa na tope lililokauka.

Pistoni ni habari ya uangalifu zaidi. Hairudishwi na springi. Inazungukwa na sili ya mpira yenye pembe nne, ambayo hupinda kidogo pistoni inapotoka, na ikijinyoosha huirudisha nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Sehemu hiyo ndogo ndiyo tofauti ya breki nzima na breki inayoungua. Irudishe pistoni kwa klampu, polepole, skrubu ya kutolea hewa ikiwa wazi ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi juu kwenye silinda kuu. Ikirudi kwa ulaini, ina uhai. Ikihitaji nguvu nyingi, ifunguliwe na sili zibadilishwe. Uso wake ukiwa na mashimo ya kutu, pistoni mpya ndiyo dawa, wala usijaribu kuisugua kwa msasa mkali. Katika magari ambayo breki ya mkono hufanya kazi ndani ya kalipa ya nyuma, pistoni huzungushwa ikirudishwa. Anayeisukuma kwa nguvu huivunja. Na vipuri vyenye mpira havioshwi kwa petroli wala dizeli, bali kwa mafuta safi ya breki.

Fundi wa ng'ambo aliyejifunza kazi yake kwa Kifaransa huenda akayaita haya yote kwa majina mengine. Mwonyeshe kwa kidole, mtaelewana.

Breki za nyuma zenye drumu na breki ya mkono

Hapa mkosaji mkubwa ni mvua. Gari lililolala nje na breki ya mkono imevutwa, asubuhi viatu vimeshikana na drumu kwa kutu. Jaribu kulisukuma taratibu mbele na nyuma kwa gia ya chini. Likikataa, gonga drumu kwa nyundo kuizunguka, bila hasira. Likinata kila mara, legeza kebo ya breki ya mkono. Gurudumu likiachia, kebo imepata kutu ndani ya ala yake, na ibadilishwe. Kuimiminia mafuta husaidia siku chache tu. Lisipoachia, fungua drumu utazame springi zilizovunjika, silinda ndogo iliyokwama, au kirekebishio kilichokazwa kupita kiasi na fundi aliyetaka pedali iwe juu.

Ninafahamu kwamba wapo walioamua kuacha kutumia breki ya mkono kabisa. Kwenye kituo tambarare, gari likiwa kwenye gia na limewekewa kigingi, sina ugomvi nao. Kwenye mteremko uamuzi huo ni mbaya: vuta breki, tia gia, na geuza magurudumu ya mbele kuelekea ukingo wa mlima.

Kabla ya kurudi barabarani

Weka mafuta ya daraja lililoandikwa kwenye mfuniko wa tangi, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, na utoe hewa hadi povu liishe. Mafuta yale hula rangi ya gari na huchoma macho; yakimwagika, osha kwa maji mengi. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kisha, kabla injini haijawashwa, kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu. Pistoni zilirudishwa ndani, na kukanyaga kwa kwanza hakutashika kitu. Gari lililotoka gereji likaingia ukutani hatua tano mbele, mara nyingi lilisahauliwa hapo. Rudia kipimo cha mkono baada ya kilomita kumi, na ukaze nati za magurudumu tena.

Malori yanayopeleka mizigo Kongo hayamo katika somo hili, ila kwa onyo moja. Breki zao za kuegesha hushikwa na springi yenye nguvu na huachiwa na upepo. Upepo ukivuja, springi hushika polepole na lori huendelea kujikokota hadi tairi linawaka. Springi hiyo ikifunguliwa na asiyejua, huruka kwa nguvu ya kuua. Turnboy asiingie chini na spana. Aitwe fundi wa malori.

Mteremkoni

Anayeshuka Kanaba achague gia ya chini juu kabisa, kabla gari halijashika kasi, na aache injini ifanye sehemu kubwa ya kazi. Breki ikanyagwe kwa uthabiti na kuachiwa, si kuguswa mfululizo. Harufu ikija, simama mahali papana panapoonekana kutoka mbali. Tumia gia na kigingi, si breki ya mkono, juu ya breki zilizoungua. Usimwagie maji: chuma chenye moto hupasuka au kupinda. Subiri nusu saa au zaidi, na abiria wakae upande wa mlima, mbali na barabara. Pedali ikizama ukiwa njiani, ikanyage harakaharaka mara nyingi, shusha gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, na utafute ukingo wa mlima, si wa bonde. Gurudumu likishika moto, watu watoke kwanza, mizigo baadaye, na mpige 999 au 112.

Wapo pia madereva ambao huzuia magurudumu kwa mawe, hutengeneza, huondoka, na mawe hubaki katikati ya lami. Usiku ukungu ukishuka, kijana wa boda boda mwenye taa hafifu hayaoni. Sheria ya mwaka 1998 ya usalama barabarani haimsamehe mtu kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufika mpakani kabla ya kufungwa. Ukishatoa jiwe chini ya gurudumu, libebe hadi ng'ambo ya mtaro ndipo uwashe gari.